Nuru ya Mkono wa Kulia

1

Kwa mara ya tatu tangu masika yaishe, benchi ya mwanga, ile meza ya kupimia mzunguko wa mwanga, ilimwambia Dakta Meinrad Ndunguru kwamba lebo ya chupa iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya uongo.

Lebo ilisema KUSHOTO. Mshale wa kipimo ulielemea kulia. Akaitoa chupa, akaweka pacha yake iliyoandikwa KULIA, na mshale ukahamia kushoto bila aibu yoyote. Ndunguru hakutikisika. Alikuwa mtu aliyewahi kuwa kaka mkuu kwa miaka miwili katika shule ya bweni ya wavulana mia nne, na tangu siku zile aliamini kwamba makosa ya mara moja ni uzembe, ya mara mbili ni kiburi, na ya mara tatu yana mwenyewe anayeyatuma.

"Bi Zamoyoni," aliita.

"Naam, Daktari."

Zamoyoni Mkude, fundi sanifu wa maabara, alitokea kwenye mlango wa chumba cha mapishi, miwani ya kinga ikiwa juu ya kilemba. Yeye ndiye aliyezipika chembe zilizokuwa ndani ya chupa zile.

"Lebo hizi aliziandika nani?"

"Mimi."

"Siku hiyo ulikuwa mzima wa afya?"

"Mzima kabisa. Hata chai nilikunywa vikombe viwili." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Daktari, tangu benchi ihamie chumba hiki..."

Ndunguru aliinua mkono. Katika maabara yake, kama katika ukaguzi wa mabweni wa kila Jumamosi, anayekaguliwa husema pale anapoulizwa. Vijana wa maabara walimwita Rula akiwa hayupo, naye alilijua jina hilo na lilimpendeza kuliko walivyodhani.

Alibandua lebo zote mbili, akazibadilisha kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahihi. Alikuwa amefanya hivyo hivyo kwa mikupuo miwili iliyotangulia.

Ndani ya kila chupa mlikuwa na chembe za salfaidi ya fedha, ndogo kiasi kwamba elfu moja zingepangwa katika upana wa unywele mmoja. Kila chembe ilisokotwa kama kamba ya katani. Kamba ikisokotwa kulia hubaki ya kulia, hata ukiigeuza kichwa chini au kuishika kwa ncha ya pili, na chembe nazo zilikuwa vivyo hivyo. Ukizimulika, zilitoa mwanga usioonekana kwa jicho, ule wa infraredi uliopakana na wekundu, nao mwanga huo ulisafiri huku ukijizungusha, kulia au kushoto, kwa kufuata msokoto wa chembe iliyouzaa. Ndunguru alikuwa ametumia miaka kumi na tisa kuufundisha utii.

Kazi ya utii huo ilikuwa begani mwa watu. Kidonge cha Tona kilifukuza malaria mwilini kwa miaka kumi, lakini kwa wenye damu dhaifu kilipasua seli nyekundu, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, na kufikia siku ya tatu wengine walikuwa wamezikwa. Mwanzoni Serikali iligawa kadi za rangi mbili. Haukupita mwaka posa zikaanza kurudishwa, mabinti wakafungiwa ndani, na wenye kadi nyekundu wakazichoma wakaenda kumeza kidonge kama wenzao. Ndipo sheria ilipoagiza kwamba kila mtu, mwenye damu imara na mwenye damu dhaifu, adungwe alama moja begani, tundu lile lile, lisiloonekana hata kwa kamera. Mwanga wa kushoto maana yake ameze. Kulia maana yake asimeze. Siri ilikaa kati ya ngozi ya mtu na kisomeo cha zahanati.

Mikupuo hiyo miwili iliyotangulia ilikuwa tayari mabegani mwa watu elfu tatu mia moja na kumi na wanane wa Tarafa ya Nyamsero. Vidonge vingeanza kugawiwa Jumanne asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Ndunguru alilifungua kabati, akatoa chupa ya mfano, ile iliyotunzwa tangu maabara ilipoanzishwa ili vipimo vyote vilinganishwe nayo. Chupa ya mfano ilikuwa ya kushoto. Kila mtu alijua hivyo. Aliiweka kwenye benchi. Mshale ukaenda kulia.

Mtu mwingine angeiangalia benchi. Ndunguru aliuangalia mlango wa chumba cha mapishi. Akasadiki kwamba hata chupa ya mfano ilikuwa imechezewa, na kwamba anayeichezea alikuwa na ufunguo wa kabati. Wenye ufunguo walikuwa wawili, na mmoja wao ni yeye.

Zilikuwepo habari za wenye viwanda vya dawa za zamani, ambao biashara yao ingekufa siku malaria itakapokufa. Ingetosha watu mia wafe Nyamsero, na Tona ingepigwa marufuku nchi nzima. Kila lebo iliyogeuzwa ilielekea huko huko.

Alipokuwa akiifunika benchi jioni ile, aliona jambo jingine. Kitambaa cha kufunikia, ambacho yeye hukikunja mara nne, ncha juu ya ncha, kama shuka la bwenini, kilikuwa kimekunjwa mara tatu.

Sheria ya maabara, aliyoitunga mwenyewe, ilikuwa fupi: anayepika hapimi, anayepima hapiki. Mtu aliyekunja kitambaa kile alikuwa ameivunja.

2

Ijumaa, saa sita na nusu, Ndunguru alivaa kofia, akaaga kwa sauti ya kusikika kwamba anakwenda kula, akatoka kwa lango kuu. Aliuzunguka ukuta wa bustani, akaingia tena kwa mlango wa stoo, akavua viatu ukumbini. Hakujionea haya. Akiwa kaka mkuu aliwahi kuwanasa wavuta sigara kwa njia hiyo hiyo, na mmoja wao sasa alikuwa askofu.

Kupitia kioo cha mlango alimwona Zamoyoni ameinama juu ya benchi. Kitambaa kilikuwa pembeni. Kwa kibanio alikuwa akiweka kitu kidogo cha kijani mahali pa kuwekea chupa.

"Usiguse kitu!"

Zamoyoni aliruka, kibanio kikaanguka. Alipomwona Ndunguru amesimama na soksi, viatu mkononi, midomo yake ilicheza kidogo kabla hajaizuia.

"Sijagusa, Daktari. Nimeweka tu."

"Nani amekutuma?"

"Kunituma nini?"

"Bi Zamoyoni, mimi si mtoto. Lebo zimegeuzwa mara tatu. Chupa ya mfano imebadilishwa. Leo nakukuta kwenye chombo usichoruhusiwa kukisogelea, saa ambayo unadhani nipo mezani nakula. Nitajie jina moja tu, na nitaangalia namna ya kukuombea."

Zamoyoni alinyoosha mgongo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, aliyepika chembe hata akaweza kuujua msokoto kwa harufu ya mvuke wake.

"Basi njoo umwone aliyenituma," alisema.

Kwenye benchi palikuwa na dundu, mmoja wa wale wa kijani wanaong'aa kama bati jipya, ambao watoto huwafunga uzi wakawarusha. Alikuwa amekufa na kukauka, miguu ameikunja.

"Nimemwokota chini ya mfenesi wa jirani. Wewe mwenyewe ulitufundisha, mwaka wangu wa kwanza hapa. Ulisema gamba la dundu huyu limepangwa tabaka juu ya tabaka, kila moja limegeuka kidogo kuliko lililo chini yake, kama ngazi ya kuzunguka. Ukimmulika, anarudisha mwanga wa kushoto. Kila aliyewahi kupimwa. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Taa ya kijani ya kulengea nimeshaiwasha. Soma mshale."

Ndunguru hakutaka kusoma. Alisoma. Mshale ulielemea kulia.

"Sasa, Daktari," Zamoyoni alisema polepole, "mimi unaweza kusema nimehongwa. Na huyu naye amehongwa na nani?"

Ndunguru alimwinamia mdudu, viatu vyake bado mkononi. Kisha macho yake yakaanza kuifuata njia ya mwanga, kutoka kwenye taa hadi kwa mdudu, kutoka kwa mdudu hadi kwenye kona ya benchi, na pale kwenye kona yakakwama.

Chumba cha zamani kilikuwa na urefu wa mita sita. Paa lake lilipovuja katikati ya masika, benchi ilihamishiwa hapa, mahali pa mita tatu, na ili njia ya mwanga itoshee ilibidi ipindwe. Ndunguru aliipinda mwenyewe, Jumapili moja, kwa kufunga kioo kwenye kona. Alikumbuka alivyokinyoosha kioo kile kwa skrubu tatu hadi mwanga ukatua katikati ya kipokeo kama sindano, na alivyosimama kando akijisifu. Mwanga unaojizungusha ukigonga kioo, mzunguko wake hugeuka. Kulia huwa kushoto, na kushoto huwa kulia. Mwanafunzi wa kidato cha sita angepoteza alama kwa kutolijua hilo.

"Lete kioo cha pili," alisema, na sauti yake haikuwa ya amri.

Walikifunga pamoja ili kugeuza kilichogeuzwa na kile cha kwanza. Dundu akasoma kushoto. Chupa ya mfano ikasoma kushoto. Chupa mbili za mkupuo wa tatu zikasoma kama zilivyokuwa zimeandikwa mwanzoni na Zamoyoni, kabla ya mkono mwenye uhakika kuzibandua lebo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Mara zote uliinua mkono."

Ndunguru alitafuta kiti, akaketi, akaanza kuvaa kiatu cha kulia katika mguu wa kushoto, akakivua.

"Nyamsero," alisema.

"Ndiyo. Wenye damu dhaifu kule ni mia nne na kumi na wawili. Wote wana alama ya kushoto. Jumanne kila mmoja wao ataambiwa ameze."

3

Mkurugenzi wa maabara, Mhandisi Kasian Nyoni, alikuwa nyuma ya Ndunguru kwa madarasa matatu shuleni, na hadi leo, mwenye gari la Serikali na mvi, alimwita kwa cheo cha zamani.

"Kaa, Kaka Mkuu. Umekuja na uso wa mtihani."

Ndunguru aliripoti akiwa amesimama, kuanzia kioo hadi Nyamsero, bila kupunguza neno. Alipomaliza, Nyoni alijimiminia maji, akanywa nusu glasi, akaifuta pete ya maji iliyobaki mezani. Utulivu ule ulimchoma Ndunguru kuliko ghadhabu yoyote.

"Mbona hushtuki?"

"Nikishtuka, kioo kitajirudisha nyuma?" Nyoni aliegemea. "Tufikiri kama watu wazima. Zahanati ya Nyamsero ina visomeo vinane. Vyote vinapokea maagizo kutoka hapa. Nageuza mstari mmoja wa programu: pale Nyamsero, kushoto iwe asimeze, kulia iwe ameze. Wale mia nne na kumi na wawili wa kwako wako salama. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyejua. Tunakula ugali wetu."

"Na mgeni? Mtu aliyedungwa alama sahihi mahali pengine, akasomwa Nyamsero? Au binti wa Nyamsero atakayeolewa mbali, akasomwa kule?"

"Wangapi hao?"

"Mmoja anatosha."

"Mmoja!" Nyoni aliinamia mbele. "Kaka Mkuu, wewe unahesabu kama mtu wa sala. Mimi nahesabu kama mtu wa hospitali. Ukisimama hadharani ukasema alama zilikosewa, hakuna kijiji kitakachokunja shati tena. Mwaka jana malaria iliua watoto elfu kumi na nne nchi hii. Tona itavikomesha vifo hivyo elfu kumi na nne, mradi watu waiamini. Watoto watakaozikwa kwa sababu ya ukweli wako, utawaandika kwenye kaburi la nani?"

Swali lilikuwa la haki, na Ndunguru alijua hivyo. Aliwaona wale watoto. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu anaweza kusema uongo kwa sababu inayostahili heshima, na jambo hilo lilimtisha, maana shuleni waongo wote aliowaadhibu walikuwa na sababu za kijinga.

"Watu wale walitukabidhi mabega yao gizani," alisema hatimaye. "Hawaoni kilichomo. Hawawezi kukikagua. Wametukabidhi kitu kimoja tu, Kasian, imani yao, na wewe unaniambia tukitumie kuficha kosa langu."

"Kosa lako?" Nyoni alikuna kidevu. "Lebo za kwanza ziliandikwa na yule mama. Kumbukumbu zinaonyesha pia kwamba alikuwa akiingia kwenye benchi bila ruhusa. Kama ikibidi jina litoke, si lazima liwe lako."

Saa moja tu iliyopita Ndunguru mwenyewe alikuwa na maneno hayo hayo mdomoni. Kuyasikia kutoka kwa mwingine kulikuwa kama kuonyeshwa nguo yake chafu mbele ya darasa.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Zote tatu."

Nyoni alitabasamu kwa uchovu. "Haya. Umeshinda kama kawaida. Nitaahirisha ugawaji. Nenda nyumbani upumzike. Nakupa neno langu."

Ndunguru aliandika barua kwa Wizara jioni ile ile, kurasa mbili, na jibu la mashine likamwambia kwamba ofisi zitafunguliwa Jumatatu. Siku ya Jumatatu, saa nane mchana, bado hakuwa amejibiwa. Alipiga simu Nyamsero.

"Kuahirisha?" alishangaa Tabu Lihimba, muuguzi mkuu wa zahanati. "Hapana, Daktari. Vidonge vimeshuka asubuhi hii. Watu wameshaambiwa. Kwani kuna nini?"

Aliweka simu; bila amri ya Nyoni, muuguzi asingeweza kusimamisha lolote. Zamoyoni alikuwa mlangoni. Siku hizi alikuwa akisimama pale pasipo kuitwa.

"Stoo tuna karatasi za kipimo cha damu cha zamani?" Ndunguru aliuliza. "Zile za kutoboa kidole?"

"Mia nane, za kuanzia. Nimeshazipakia kwenye sanduku." Akasita. "Nilikushuku, Daktari. Nilidhani hutakwenda."

4

Walifika Nyamsero Jumanne saa mbili asubuhi. Foleni ilianzia kwenye baraza la zahanati, ikapita kando ya mashine ya kukoboa mpunga, ikaishia barabarani. Wengi walikuwa na matope ya mashamba hadi magotini. Walikuja kumeza na kurudi kazini.

Jambo moja lilimsumbua Ndunguru njia nzima. Kama Nyoni alivunja neno lake, je, alilivunja kwa njia ipi? Je, aliviacha visomeo kama vilivyo, na wenye damu dhaifu wangeambiwa wameze? Au alivigeuza kwa siri? Kukitazama kisomeo kwa nje hakungemwambia kitu. Ilihitajika alama ambayo mtu aliijua kwa hakika, iliyodungwa kabla ya kioo. Katika zahanati ile ilikuwepo moja tu, nayo ilikuwa kwenye bega lake.

Alikuwa mtu wa kwanza nchini kudungwa, miaka sita iliyopita, faragha, kwa mkupuo wa kwanza kabisa. Alama yake ilikuwa ya kulia. Hakuna aliyejua: mkewe hakujua, Nyoni hakujua. Kaka mkuu wa zamani, aliyemaliza mbio za nyika wa kwanza miaka mitatu mfululizo, alikuwa na damu dhaifu, na aliibeba habari hiyo kama mtu abebavyo jina la mzazi aliyefungwa.

Muuguzi Tabu alimkaribisha kwa furaha. Hata kabla hajaeleza alichofuata, Ndunguru alikuwa amekwisha kukunja shati.

"Nisome mimi kwanza, Muuguzi."

"Daktari mwenyewe? Vizuri, watu watapata moyo." Akageukia foleni. "Mnaona? Aliyezitengeneza alama naye anameza!"

Kisomeo kilimgusa begani. Taa ya kijani ikawaka: ameze.

Muuguzi Tabu alichukua kikombe cha maji na kidonge cheupe, akavitoa kwa mikono miwili, kwa adabu. "Karibu, Daktari."

Hivyo Nyoni alikuwa amevigeuza. Wenyeji wa Nyamsero, wenye alama zilizokosewa, wangesomwa sawasawa leo. Kama Ndunguru angesema tu kwamba ameahirisha kumeza kwa sababu ya tumbo, foleni ingesonga, na mia nne na kumi na wawili wangerudi mashambani wakiwa hai. Alijua hivyo. Alisimama na kidonge mkononi, akalijua jambo hilo kwa sekunde kadhaa, na halikuwa jambo dogo.

"Kuna mtu hapa aliyedungwa alama mahali pengine?" aliuliza kwa sauti ya ukaguzi.

Watu walitazamana. Mkono mmoja ukainuka, halafu wa pili. Vibarua wa mavuno kutoka milimani. Mwalimu mgeni. Bibi mmoja aliyekuja kumtazama binti yake aliyejifungua. Zamoyoni aliihesabu kwa midomo: mikono kumi na mmoja.

Ndunguru alikirudisha kidonge kwenye trei.

"Msimeze," alisema. "Kisomeo hiki kimenisoma uongo. Mimi nina damu dhaifu. Kidonge hiki kingeniua."

Minong'ono ilipita kwenye foleni kama upepo juu ya mpunga. Muuguzi Tabu alishika kifua. Ndunguru akaeleza, kwa sentensi fupi, akiwa ameshikilia ukingo wa meza: kioo, lebo, mkono wake uliozibandua. Akaeleza kwamba alimshuku mwanamke aliyesimama kando yake, aliyekuwa amepika sawasawa na kuandika sawasawa, na kwamba kwa sababu ya kumshuku yeye hakuikagua kazi yake mwenyewe. Akaeleza kwamba baadaye visomeo viligeuzwa ili wao wasijue. Hakumtaja aliyevigeuza, hilo aliliacha kwa barua ya Wizara.

Mwanamke mmoja mrefu alitoka kwenye foleni, mundu wa kuvunia kiunoni. Walimwita Bi Sikudhani Ligombo, na watu walimpisha.

"Baba, hebu ngoja," alisema. "Ulikuja mwezi wa sita, ukatwambia tundu hili halidanganyi. Tukakupa mabega. Leo unakuja kutwambia linadanganya, na mashine inadanganya, na aliyekutuma anadanganya. Sasa kwa nini tukuamini wewe?"

"Msiniamini."

"Ee?"

"Msiniamini mimi wala mashine. Tumekuja na karatasi. Unatobolewa kidole, tone linawekwa, unasubiri dakika tano. Damu imara huigeuza karatasi zambarau. Damu dhaifu huiacha kama ilivyo. Utaiona kwa macho yako mwenyewe."

"Yeye ndiye asome," Bi Sikudhani alisema, akimwonyesha Zamoyoni kwa kidevu. "Wewe kazi yako iwe kuandika tu."

"Sawa."

"Na uanze wewe. Tukuone."

Kicheko kikavu kilisikika nyuma. Kibarua mmoja akasema, "Mtoboe kisawasawa, dada, ajue!" Zamoyoni hakucheka. Alimshika Ndunguru kidole cha pete, akakipangusa, akakitoboa, akaliacha tone lianguke katikati ya duara. Karatasi ikawekwa juu ya meza, mbele ya watu wote.

Dakika tano katika baraza lile zilikuwa ndefu. Watu walisogea. Mwenye mtoto mgongoni alimhamishia ubavuni ili aone vizuri. Ndunguru alizitazama nyuso, akazisubiri zibadilike, kama alivyoziogopa kwa miaka sita.

Karatasi ilibaki kama ilivyokuwa.

"Dhaifu," Zamoyoni alisema.

Ndunguru alichukua kalamu. Juu ya ukurasa mtupu aliandika jina lake, na mbele yake akaandika neno hilo, kwa herufi zilizosimama wima.

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Sikudhani aliichungulia karatasi ile kwa makini, kwanza kwa jicho moja, halafu kwa yote mawili. Kisha akaufungua mundu wake kiunoni, akauweka chini kando ya mlango wa chumba cha uchunguzi, akaingia. Zamoyoni akamfuata na sanduku. Ndunguru naye akachukua daftari lake, akainuka.

"Daktari," Bi Sikudhani alisema kutoka ndani, tayari ameketi, mkono ameunyoosha juu ya goti. "Mimi nina mabinti wawili hawajaolewa."

"Naelewa, mama."

"Huyu dada atanisomea sikioni. Na wewe utaandika nikishatoka, namba, bila jina."

Ndunguru alirudi nyuma hatua moja, akatoka barazani, akauvuta mlango hadi ukabana, akasimama mbele yake na mgongo umeegemea mbao, ili mtu yeyote asichungulie.